Mia na Sitini kwa Mia

Jumatatu, 7 Julai

Kilomita nne leo. Kutoka nyumbani Maisaka hadi mteremko wa ziwani na kurudi. Baridi. Ukungu umefunika mlima Kwaraa mpaka kiunoni. Mume wangu, Baba Regina, anatangulia hatua mbili na koti lake jekundu, mimi nafuata rangi. Nyekundu bado naiona. Majani marefu ya ukingoni hatuyasogelei. Viboko wamo humo na hawana habari na presha ya mtu.

Naandika kwa maka peni, herufi za ukubwa wa ubaoni, mistari minane kwa ukurasa. Daftari litaisha upesi. Liishe. Hakuna wa kulisoma. Hata mimi mwenyewe kwa sasa silisomi.

Hali ilivyo: mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia limekuwa uji mtupu. Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya hapa mjini Jumanne ya tarehe tano Agosti, siku tatu tu. Jina langu limo kwenye orodha. Lakini mtaalamu aliyenipima mwezi uliopita alisema jambo moja na hakulirudia: presha ikizidi mia na sitini kwa mia, jicho haliguswi. Damu yenye msukumo mkubwa inaweza kumwagika ndani ya jicho likiwa wazi. Siku ile nilikuwa na 182 kwa 108. Mara ya mwisho madaktari hao kuja ilikuwa miaka miwili iliyopita. Mara nyingine haijulikani.

Kidonge kimoja kila asubuhi, naingia wiki ya tatu. Chumvi nimeipiga marufuku ndani ya nyumba. Nyama ya mafuta pia. Wiki nne zimebaki. Nitaweza.

Jumanne, 8 Julai

Zahanati. Anayenipima ni Happy, nesi, niliyemfundisha darasa la saba. Nimefundisha Sayansi miaka thelathini na miwili. Kila mwaka tukifika kwenye mada ya moyo nilinunua moyo wa mbuzi buchani, nikaupasua juu ya gazeti mbele ya darasa. Vyumba vinne, hesabuni. Upande wa kulia unapokea damu kutoka mwilini na kuisukuma mapafuni ikachukue hewa. Upande wa kushoto unaipokea kutoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima, ndiyo maana ukuta wa kushoto ni mnene. Kipindi kikiisha, walimu tuliuchoma tukaula.

Happy alizimia mwaka wake. Nilipofunua vali kwa ncha ya kalamu, akaenda chini kama gunia. Leo yeye ndiye ananifunga kitambaa cha kipimo mkononi na kuniambia ninyamaze. "Mwalimu, miguu yote chini, usikunje nne. Mkono usawa wa moyo. Dakika tano usiongee." Dakika tano nzima. Sidhani kama nimewahi.

178 kwa 106. Imeshuka kidogo, lakini bado mbali. Namba ya juu ni moyo ukikaza, ya chini ni moyo ukilegea. Mishipa yangu haipumziki hata moyo wenyewe ukipumzika. Nimeudhika. Mtu anayejua moyo kuliko muuza bucha anashindwa na moyo wake mwenyewe.

Ijumaa, 11 Julai

Chakula kisicho na chumvi ni kama kutafuna karatasi. Basi nimejipanga. Nyama imepungua, kwa hiyo jioni ni maharage, mbaazi, makande. Vitunguu vingi, nyanya, karoti. Nimeongeza na magadi, yale mawe meupe yanayoletwa sokoni kutoka upande wa Balangida. Jiwe la ukubwa wa kidole gumba badala ya ile chembe ndogo ya zamani. Maharage yanalainika haraka, mkaa unaokolewa, na ulimi unapata angalau kitu.

Baba Regina anaangalia sahani kama mtu aliyeitwa kwenye kikao asichokijua ajenda yake. Sijali. Moyo ni wangu, jicho ni langu, jiko ni langu.

Kilomita tano. Nimemweleza njiani kwamba mashavu ya miguu ni moyo wa pili. Mtu akitembea yanaibana mishipa ya vena na kuipandisha damu juu, kwa sababu damu ya miguuni haiwezi kujipandisha yenyewe. Akasema basi moyo wake wa pili unauma.

Jumapili, 13 Julai

Nimesoma somo la kwanza kanisani. Nimesema "nimesoma" lakini hapa naandika ukweli, maana pengine pote siusemi. Tangu Pasaka sioni hata herufi moja ya kitabu kile. Kila Jumamosi jioni Baba Regina ananisomea somo, mara kumi, mara kumi na tano, mpaka nalikariri. Jumapili napanda mimbarini, nainamisha kichwa juu ya kitabu, nafungua mdomo. Hata kurasa nazigeuza. Waumini wanasema Mwalimu anasoma kwa hisia, hata hatazami kitabu. Ningetazama nini?

Anayejua ni mmoja tu, na hajawahi kunicheka. Naogopa siku katekista atakaponiambia asubuhi ile ile kwamba somo limebadilika.

Ndiyo maana nalitaka jicho hili. Watu wakiniuliza nasema nataka kuona wajukuu, watoto wa Regina, wakija kutoka Dodoma. Ni kweli. Lakini ukweli mkubwa ni kwamba nimechoka kudanganya mimbarini.

Jumanne, 15 Julai

184 kwa 108.

Imepanda. Happy alipima mara mbili, mkono wa kulia na wa kushoto. Akaniuliza kama kidonge nakunywa kila siku. Kila siku. Akaniuliza chumvi. Nikamwambia kijiko cha chumvi hakijaingia sufuriani kwangu tangu Juni. Akaandika. Sikupenda alivyoandika, taratibu, kama mimi nilivyokuwa nikisahihisha daftari la mtoto aliyenakili.

Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira tupu. Kama siweki chumvi mimi, kuna mtu anaiweka.

Jumatano, 16 Julai

Nimempata. Nilipekua koti jekundu lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Mfuko wa ndani, karatasi imekunjwa vizuri, ndani chumvi. Nilionja kuhakikisha. Chumvi.

Nilisema mengi. Nilimwambia anataka nibaki kipofu ili aendelee kunishika mkono. Nilimwambia mtu wa kulala naye nyumba moja miaka arobaini ndiye anayeniwekea chumvi sufuriani nikigeuka. Akasema ile ni ya sahani yake. Anaweka kidogo akishapakua, mimi nikiwa nanawa mikono. Sufuria hajaigusa. Sikumwamini. Nilimwambia hivyo.

Alitoka kwenda shambani kutazama mbaazi. Koti aliliacha.

Jumamosi, 19 Julai

Siku ya tatu haongei zaidi ya salamu. Asubuhi alitembea mbele yangu hatua nne badala ya mbili. Nikaliona koti kwa shida. Sikumwomba apunguze mwendo. Kiburi changu kinajulikana.

Jioni alinisomea somo la kesho. Mara kumi na tano, kama kawaida. Lakini aliisoma ile sehemu ya furaha kama mtu anayesoma tangazo la kukatika maji.

Chakula napika mimi peke yangu, nafunika sufuria, nakaa hapo hapo kwenye kigoda mpaka ive. Hakuna anayekaribia. Makande ya leo yamelainika vizuri mno.

Jumanne, 22 Julai

186 kwa 110.

Nimelia zahanati. Mbele ya Happy. Nilikuwa sijawahi kulia mbele ya mwanafunzi, hata siku mwalimu mkuu wetu alipofariki nilijikaza.

Happy alinipa kiti cha pembeni, akaniletea maji, akaweka mkono begani kwangu. Kisha akasema Ijumaa nirudi, daktari ataangalia kuongeza dawa ya pili. Wiki mbili zimebaki. Akasema pia, kwa upole, kwamba kama tarehe tano haitakuwa imeshuka, wataniondoa kwenye orodha wampe mwingine. Najua. Mimi ningefanya hivyo hivyo.

Nilitembea kurudi bila koti la kufuata. Nilimfuata mama mmoja aliyebeba ndoo ya njano mpaka nikagundua amepinda kuelekea Nakwa. Nikarudi nyuma kwa kuuliza.

Baba Regina alikuwa amesimama njiani. Alikuwa ameanza kunitafuta. Aligeuka akatembea mbele. Hatua mbili.

Jumatano, 23 Julai

Lazima niandike leo yote, hata kama kurasa zitaisha.

Magadi yalikuwa yamekwisha. Nilimtuma Baba Regina sokoni. Hii ni mara ya tatu mwezi huu. Alirudi saa nne, akaweka mfuko mezani, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya koti akanisimulia kitu. Muuzaji ni mama wa Kibarabaig, anamjua kwa sura sasa. Leo alimkaribisha vizuri, akamuulizia hali ya nyumbani, kisha akauliza: "Mzee, kwani una ng'ombe wangapi?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, kwa sababu sisi tuna kuku sita na paka. Yeye naye akacheka, na kucheka kwake kulinipendeza sana baada ya siku zile. Mama wa watu anadhani tunalisha zizi. Ng'ombe ndio wanaolambishwa magadi mengi hivyo, kwa ajili ya chumvi.

Kwa ajili ya chumvi.

Nikaacha kucheka. Nilikaa pale na mkono wangu juu ya ule mfuko. Magadi. Sodiamu kaboneti. Nimeisoma chuo cha ualimu nikiwa na miaka ishirini, nimeiandika ubaoni kwa mkono wangu. Kitu kinachomuumiza mtu wa presha kwenye chumvi ni sodiamu. Sodiamu inavuta maji na kuyashikilia. Maji yanaongezeka kwenye damu, mishipa ni ile ile, msukumo unapanda. Nimewaeleza watoto wa watu miaka thelathini na miwili. Halafu nikafukuza sodiamu mlangoni, nikaikaribisha dirishani na kuipa kiti. Kila nilipopunguza nyama nikaongeza maharage, kila nilipoongeza maharage nikaongeza magadi, na kila chakula kilipopooza nikaongeza tena.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nalinda sufuria dhidi ya mwizi, na mwizi ndiye aliyekalia kigoda.

Nimemwomba radhi. Kwa mdomo, si kwa kumtengea chai ya tangawizi kama ilivyo desturi yangu. Nilimwambia: nimekukosea, nilikuita mwongo na ulikuwa unasema kweli. Ilinichukua muda kuyatoa hayo maneno. Akasema ameyasikia. Kisha akaomba chumvi yake irudishwe. Nimemrudishia nusu.

Alhamisi, 24 Julai

Sikungoja Ijumaa. Nilikwenda kwa Happy asubuhi nikakiri, kama mbele ya padri. Jiwe la ukubwa wa kidole gumba, jioni karibu zote, tangu wiki ya pili ya mwezi. Aliweka kalamu chini. Alijitahidi kutocheka, mwalimu wake nipo mbele yake. Akashindwa. Ilibidi aende kusimama dirishani. Na mimi nikacheka, ningefanya nini?

Alipotulia alinieleza vizuri, na nilisikiliza kama mwanafunzi. Wengi wanaofika hapo wanaapa hawali chumvi, na ni kweli hawaili, ila magadi yamo kwenye maharage, kwenye makande, kwenye mlenda. Hakuna anayeyataja kwa sababu hakuna anayeyahesabu kuwa chumvi. Hata yeye hakuwaza kuniuliza, maana alidhani Mwalimu anajua. Dawa ilikuwa inavuta kamba upande mmoja, magadi yanavuta upande mwingine. Kidonge nisiache hata siku moja. Atamwomba daktari asiongeze cha pili kwanza, tuone wiki moja.

Nikitoka akaniambia kuanzia leo ataliuliza swali la magadi kwa kila mgonjwa. Atawaambia kuna mwalimu mmoja. Nimemruhusu, ila jina asitaje.

Ijumaa, 25 Julai

Makande ya kwanza bila magadi. Saa tatu na nusu jikoni. Mkaa umeisha, nikaongeza, ukaisha tena. Matokeo: kokoto. Baba Regina ana meno ya kweli kumi na mawili na yote yalifanya kazi. Alitafuna, akapumzika, akatafuna. Akasema ni chakula cha kumfanya mtu afikirie maisha yake.

Nimekumbuka mama yangu alivyokuwa akiloweka. Usiku mzima, asubuhi anamwaga maji yale, anaweka mapya. Nimeloweka ya kesho. Mfuko wa magadi nimempa jirani mwenye ng'ombe wa kweli.

Jumanne, 29 Julai

164 kwa 98.

Mia na sitini na nne. Nimemwambia Happy apime tena, akapima, 163 kwa 98. Nikaipigia makofi mashine.

Siku sita tu. Najua mambo hayaendi hivyo kwa kila mtu, na kidonge nacho kimekuwa kikifanya kazi yake muda wote huu chini ya mzigo wangu. Lakini nimeona. Nimefundisha kitu hiki maisha yangu yote, na leo ndiyo mara ya kwanza nimekiona kikitokea ndani ya mtu, na mtu mwenyewe ni mimi. Nimefurahi kama mtoto aliyepewa daftari jipya.

Nimebakiza pointi nne. Makande ya kuloweka yameiva kwa saa mbili. Limao na kitunguu saumu vinasaidia ladha. Ulimi unazoea, sikutegemea.

Ijumaa, 1 Agosti

157 kwa 94. Iko chini. Chini kabisa ya mstari.

Happy akanionya: Jumanne hospitali kutakuwa na watu wengi, makelele, woga. Woga unaubana mshipa na kuuharakisha moyo, presha inaruka ghafla. Nifike mapema, nisitembee mbio, nisile hofu ya wengine kwenye foleni. Nikamwambia mimi siogopi. Alinitazama. Hata kwa jicho langu bovu niliona alivyonitazama.

Jumatatu, 4 Agosti

Naogopa.

Kilomita tano, polepole. Jua lilitoka mapema, Kwaraa yote imefunuka, nimeambiwa. Kwangu ni bonge la kijivu. Baba Regina amenipigia pasi gauni la kitenge. Amelichoma kidogo pindoni, anadhani sijaona. Sijaona. Nimesikia harufu.

Jumanne, 5 Agosti

Naandika jioni, nimelazwa wodini hadi kesho, kwa jicho la kushoto, la kulia limefungwa bandeji. Herufi zitapinda. Sijali kitu leo.

Tulifika saa moja. Watu wamejaa benchi zote hadi nje chini ya paa la ukumbi, wazee wenzangu, wengine kutoka mbali Simanjiro na mashuka yao mekundu. Hizo nyekundu nilizipenda, niliziona vizuri. Nilipoitwa nilinyanyuka upesi mno, nikaingia, nikakaa, na mdomo wangu ukaanza. Nilimweleza yule nesi mgeni habari zote, zahanati, magadi, ng'ombe. Akafunga kitambaa nikiwa bado naongea.

172 kwa 102.

Akaniambia samahani Mama. Kalamu yake ilikuwa tayari kwenye orodha. Nilihisi moyo wangu masikioni. Nikasema, na sijui sauti niliitoa wapi, kwamba kipimo hicho hakikufuata utaratibu. Nimetoka kusimama, nimeongea, miguu nimekunja. Naomba dakika kumi za kukaa kimya, kisha anipime tena. Aliitazama orodha. Kisha akasema kakae pale nje, nitakuita.

Tukakaa. Baba Regina kushoto kwangu. Hakusema tulia, hakusema Mungu yupo, asante sana kwake. Miguu chini. Mkono pajani. Nikafumba macho, na kwa kuwa nina kichwa cha kukariri nikakipa kazi. Nikachukua tone moja la damu nikalisindikiza.

Liko kwenye kidole gumba cha mguu, limechoka, limeshatoa hewa yake yote. Shavu la mguu linalibana, linapanda. Vali inafunga nyuma yake lisirudi. Goti. Paja. Tumbo. Linaingia upande wa kulia, chumba cha juu, mlango unafunguka, chumba cha chini. Moyo unakaza. Mapafuni sasa, kwenye mishipa myembamba kuliko unywele, nikavuta pumzi ili lipate. Linarudi upande wa kushoto, chumba cha juu, chumba cha chini chenye ukuta mnene. Moyo unakaza. Linatoka kwa ule mshipa mkubwa, linapinda, linapanda shingoni, taratibu, hakuna anayelikimbiza, linafika nyuma ya jicho langu la kulia. Nikaliacha hapo. Nikashuka mguuni nikachukua jingine.

Sijui nilisindikiza mangapi. Niliguswa bega.

Nilikaa kwenye kiti bila neno. Mashine ilibana, ikaachia. Niliuma ulimi nisiulize. Nesi akanisomea mwenyewe: 154 kwa 92. Akaitazama tena. Akaandika.

Kule ndani sikuumia. Taa, maji, sauti za daktari akimwelekeza msaidizi. Dakika chache tu, jicho ni kitu kidogo. Nilipotoka Baba Regina alikuwa amesimama pale pale nilipomwacha, na koti amelivaa ingawa jua lilikuwa kali. Alijua nitalitafuta.

Jumatano, 6 Agosti

Wamefungua bandeji saa tatu asubuhi.

Bluu ipo. Nilikuwa nimesahau kuwa ipo. Mlango wa wodi ni wa bluu, ndoo ya bluu, mbingu dirishani. Nilimwonyesha kila mtu kwa kidole. Mzee wa kitanda cha jirani, yeye anafunguliwa saa nne, akaniambia nipunguze kumtamanisha.

Nje niliona Kwaraa. Msitu una miti ndani yake. Kila jani limesimama peke yake.

Halafu nikamtazama Baba Regina. Amezeeka. Lini? Nywele zote nyeupe, na koti si jekundu hata kidogo, limepauka, limekuwa la rangi ya matofali, na kiwiko kimeshonwa kwa uzi mweusi. Kashona mwenyewe. Nimelifuata miezi yote ile nikidhani ni jekundu la kung'aa. Nilisimama pale mlangoni pa hospitali nikamtazama mpaka akaniuliza kama jicho linauma.

Nina furaha isiyotoshea daftarini.

Jumapili, 24 Agosti

Presha ya juzi 138 kwa 84. Kidonge kinaendelea, Happy amesisitiza. La kushoto litasubiri wakija tena.

Jana jioni Baba Regina alichukua kitabu anisomee somo kama desturi. Nikamwambia hapana, kesho nitasoma. Alikifunga kitabu, akakishika kwa muda kabla ya kukiweka mezani.

Nimepanda mimbarini na miwani mpya. Nimesoma somo la kwanza kwa macho yangu. Nilikwama mara tatu. Mstari mmoja niliurudia, mwingine niliuruka nikarudi kuutafuta kwa kidole, na jina moja la mji wa zamani lilinishinda kabisa nikalimung'unya. Nilisema Neno la Bwana jasho likinitoka.

Baada ya misa katekista alinisogelea, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema pole sana Mwalimu, wamesikitika, walikuwa wameambiwa operesheni ilikwenda vizuri. Akina mama wawili nao wakanipa pole. Mmoja akasema zamani nilikuwa nasoma bila hata kutazama. Nikazipokea pole zote. Baba Regina alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, na mabega yalikuwa yanamtikisika.

Tumetembea kurudi sambamba, hakuna wa mbele wala wa nyuma.

Sasa tuko nje ukutani, juani. Mbaazi zilizolowekwa zinachemka, bado sana. Nimeomba mkono wake, nikaikunja mikunjo ya shati hadi juu ya kiwiko. Mishipa yake ya shambani ni mikubwa, ningeipenda sana darasani. Nikabonyeza mmoja karibu na kifundo cha mkono, na kwa kidole kingine nikasukuma damu kuelekea kiwiko. Mshipa ukabaki bapa, mtupu, mpaka pale kwenye kinundu kidogo ambapo vali imefunga. Niliiona. Nikaachia kidole, ukajaa kutoka chini, taratibu.

Aliniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia bado, lete na wa pili.